Reli Niliyoichora Tutani

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa ramani. Mchoraji Mkuu, Bwana Semkiwa, mzee wa Kitanga mwenye miwani iliyofungwa uzi kwenye bawaba, alinikabidhi kalamu ya wino, rula ya chuma na karatasi moja kubwa ya kutresi, ile nyepesi inayopitisha mwanga. Akaniambia nichore mistari. Nilimuuliza mistari ya nini.

"Ya kujaza karatasi," akasema, akarudi mezani kwake.

Nilichora tangu saa mbili asubuhi mpaka karibu saa tisa alasiri. Akaja, akaichukua karatasi, akaibandika kwenye kioo cha dirisha ili mwanga upite, akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akanionyesha kwa kidole.

"Hii ya juu imechorwa na Perpetua. Hii ya chini imechorwa na mtu aliyechoka. Sasa mimi nimeajiri yupi kati ya hawa wawili?"

Wachoraji wenzangu, wote wanaume, walicheka chini kwa chini. Kesho yake nikapewa karatasi nyingine. Wiki ikaisha hivyo.

Vijana wawili wa upimaji walinitembelea hapa kwangu Mbagala hivi karibuni, wakitaka kujua ramani zilichorwaje kabla ya kompyuta. Niliwaeleza mengi, wakaandika kwenye simu zao. Lipo jambo moja ambalo sikuwaeleza, na baada ya kuondoka nikaona nimewanyima lililo kubwa kuliko yote. Ndiyo maana nimeketi kuandika.

Nilikuwa nimetoka Sumbawanga na kumaliza mafunzo ya miaka miwili ya uchoraji wa ramani. Nilikaa Temeke kwa kaka yangu, mwalimu wa shule ya msingi. Zilikuwa enzi za kupanga foleni ya sukari na sabuni kwenye maduka ya kaya, na binti mwenye ajira ya kudumu alikuwa tegemeo la watu wengi. Ofisi niliyoingia ilikuwa ya ramani. Jina lake naliacha, maana wapo bado wanaoifanyia kazi na hawana kosa. Nilianza nikiwa Mchoraji Daraja la Tatu, katika kipindi cha majaribio. Maana yake ni kwamba kwa miaka miwili wakubwa wanakutazama, kisha ama wanakuthibitisha kazini, ama wanakurudisha kwenu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mpima huenda uwandani na vyombo vyake, anapima bikoni, yaani yale mawe ya mpaka, na kuandika vipimo kwenye daftari. Picha za anga hupigwa kwa ndege. Vyote hivyo humfikia mchoraji, naye huviunganisha kuwa ramani moja. Kila mstari una unene wake. Njia ya miguu ina kalamu yake, nyembamba kama unywele. Barabara ya lami ina yake. Mpaka wa wilaya una yake. Mwezi wa pili hapa Dar mkono hutoa jasho na jasho huharibu wino, kwa hiyo tuliweka kitambaa chini ya kiganja. Feni hatukuruhusiwa kuwasha, kwa sababu upepo hupeperusha karatasi na kukausha wino ndani ya kalamu. Ukikosea, unakwangua wino kwa wembe taratibu, halafu unasugua pale pahali kwa mgongo wa ukucha mpaka pawe laini, maana usipofanya hivyo wino mpya utasambaa. Mchoraji mzuri ulimjua kwa ukucha wake wa kidole gumba: ulikuwa unang'aa.

Bwana Semkiwa alikuwa na sheria moja aliyoisisitiza kuliko zote. Kila kazi ilikuwa na jalada lake, na ndani ya jalada kulikuwa na fomu ya maulizo. Ukiona kitu usichokielewa kwenye vyanzo vyako, unaandika swali kwenye fomu hiyo, unatia sahihi, na ramani haichapwi mpaka mpima ajibu swali lako kwa maandishi.

"Mpima anaweza kukosea," alituambia. "Yuko porini, jua linamchoma, nyoka wapo. Wewe umekaa kivulini. Huna sababu ya kunyamaza."

Katika mwaka wangu wa pili nilipewa karatasi ya eneo la kusini mwa jiji, kuanzia Kurasini hadi mashamba ya ng'ambo ya Mbagala. Wakati ule kule kulikuwa na mikorosho, mihogo na nyumba za makuti zilizotawanyika. Nilikuwa na vyanzo vitatu: daftari za wapima, picha za anga, na ramani ya kale ya Mjerumani iliyochorwa kwenye kitambaa. Niliipenda ile ramani. Aliyeichora alikuwa na mkono mtulivu, na hata miti ya minazi aliichora mmoja mmoja.

Kwenye ramani hiyo kulikuwa na reli. Ilianzia bandarini, ikashuka kusini kwa mstari mzito wenye vijiti vya kukatisha, mpaka kwenye kijito kimoja. Ilipovuka kijito, mstari ukageuka kuwa nukta, na nukta zikaendelea hadi mashamba ya mpira na pamba ya walowezi. Kando ya zile nukta palikuwa na maandishi madogo ya Kijerumani. Ukingo wa kitambaa, mahali ambapo huwekwa ufunguo wa kueleza maana ya kila alama, ulikuwa umechanika na kupotea.

Nilijua kwamba kwenye ramani zetu wenyewe mstari wa nukta ulimaanisha kitu kilichokusudiwa, ambacho bado hakijajengwa. Lakini hii haikuwa ramani yetu. Bwana Semkiwa alikuwa likizo kwao Lushoto. Nikaenda kwa mtu aliyekaimu nafasi yake, ambaye nitamwita Kaimu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anasukumwa na walio juu yake, na karatasi yangu ilikuwa imechelewa. Akaiweka picha ya anga mbele yangu.

"Hili unaloliona hapa ni nini?"

Palikuwa na tuta la udongo, refu, limenyooka kama limepigwa rula, lenye vibanda huku na huku.

"Ni tuta," nikasema.

"Binti, nani anajenga tuta la namna hii kama si mtu wa reli? Tuta lipo, reli ilikuwepo. Chora mstari mzima. Na uweke hifadhi yake."

Hifadhi ni ile ardhi iliyotengwa pande zote mbili za reli, ambayo mtu haruhusiwi kujenga.

"Na hizi nukta, bwana? Niandike kwenye fomu ya maulizo?"

Akavua miwani. "Ukiandika, nani atakwenda kukujibu? Mpima yuko Songea. Itakaa miezi mitatu. Wewe si unasubiri kuthibitishwa mwezi ujao?"

Hakunitisha. Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayekukumbusha kuchukua mwavuli. Nilirudi mezani, nikachukua kalamu nene, nikapitisha wino juu ya nukta mpaka zikawa mstari. Nikachora hifadhi. Pembeni, chini, nikaandika kama desturi: imechorwa na P.M. Fomu ya maulizo niliiacha tupu. Mwezi uliofuata nikathibitishwa kazini, na kaka yangu akachinja jogoo.

Bwana Semkiwa aliporudi aliitazama karatasi ile dirishani, akasema, "Mkono umetulia." Kuhusu reli hakuuliza, kwa sababu fomu haikuwa na swali. Nilifurahi. Ilinichukua miaka mingi kuona aibu ya furaha ile.

Baada ya hapo nilihamishwa mara nyingi. Nilikaa Mtwara miaka sita chini ya Mpima wa Mkoa aliyependa kwenda uwandani kuliko kukaa ofisini, na huko nikajifunza kusoma udongo kwenye picha za anga. Nilikaa Dodoma. Nilirudi Dar nikiwa Mchoraji Daraja la Kwanza, wakati mashine za kwanza za kompyuta zinaingizwa kwenye chumba chenye kiyoyozi ambacho sisi wazee tulikiita hodini, kwa kuwa ilibidi kubisha. Ramani zetu zote zilipitishwa kwenye mashine na kugeuzwa picha, kisha vijana wakaifuata mistari yetu kwa kipanya, mmoja baada ya mwingine. Kila mstari kwenye kompyuta lazima upewe jina la kundi lake. Kijana aliyepata karatasi yangu ya kusini aliona reli na hifadhi, akaandika: hifadhi ya reli. Hakukosea. Alifuata nilichochora.

Katika miaka hiyo Mbagala ilijaa. Mashamba ya mikorosho yakawa mitaa, na mtaa uliokuwa ng'ambo ya kijito watu waliuita Tutani, kwa sababu ya lile tuta. Masika yakija na bonde likajaa maji, tuta ndilo pekee lililobaki kavu, kwa hiyo nyumba zilijipanga juu yake kama shanga. Mimi mwenyewe nilinunua kiwanja upande wa pili wa Barabara ya Kilwa, nikajenga. Nilipita karibu na Tutani mara nyingi. Sikuwahi kuingia.

Ilipobaki miezi minane nistaafu nilikuwa mimi ndiye Mchoraji Mkuu. Asubuhi moja alikuja ofisini mwenyekiti wa mtaa wa Tutani, mama wa makamo mwenye asili ya Kilwa, Bi Somoe, na bahasha ya khaki mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu kiti."

Alinieleza kwamba mwekezaji mmoja alikuwa ameomba eneo la kuweka makontena yanayotoka bandarini, maana yadi za Kurasini zimejaa. Akaonyeshwa kwamba Tutani kuna hifadhi ya reli iliyoachwa, ardhi isiyo ya mtu. Watu wakaja na rangi nyekundu, wakapiga alama ya X kwenye nyumba sitini na kitu. Wakaambiwa wamevamia, hawana haki ya fidia wala kiwanja kingine.

"Sie hatukatai sheria, mama," akasema. "Lakini hiyo reli tunaulizana ilikuwepo wapi. Tumechimba vyoo pale, tumechimba visima, tumechimba makaburi. Hatujakuta hata msumari. Babu yangu mie aliletwa kutoka Umatumbi kuja kubeba udongo wa lile tuta, kwa karai, kichwani. Alikuwaga anatusimulia. Anasema walibeba misimu miwili, halafu Wazungu wakaondoka, wala hawakusema kwaheri. Wale wabebaji ndio wakalima pale, ndio wakazaa sie. Treni hakuna aliyeiona."

Akatoa nakala ya ramani kwenye bahasha. Ilikuwa imechapwa kutoka kwenye kompyuta, lakini pembeni chini, kwa mwandiko wangu wa ujana, zilikuwepo herufi P.M. Yeye hakujua ni za nani. Alinyoosha kidole juu ya reli.

"Tunaomba utuangalizie huu mstari umetokea wapi."

Nilijua umetokea wapi kabla hajamaliza kusema. Ningeweza kumwambia pale pale. Nilimwambia nitaangalia.

Niliangalia kwa wiki tatu, na kwa kweli sikuwa naangalia kitu. Nilikuwa naogopa. Mafaili yangu ya kustaafu yalikuwa yanapita kwenye meza za watu. Jina langu pale ofisini lilikuwa safi. Vijana walikuwa wanaambiwa wachore kama Bi Perpetua. Nilijiambia nangoja ufunguo wa ghala la ramani, kumbe ufunguo ulikuwa kwenye droo yangu mwenyewe.

Katika wiki ya tatu katapila lilifika Tutani kuanzia mwisho wa tuta. Liliangusha nyumba mbili kabla wenyeji hawajalizuia kwa kukaa chini mbele yake. Niliisikia habari kwa mhudumu wa ofisi, naye akiishi Mbagala, akiisimulia huku anaosha vikombe. Nyumba moja ilikuwa ya mjane, Bi Salima, shangazi yake Bi Somoe.

Nilifungua droo, nikachukua ufunguo, nikashuka ghalani. Ramani ya kitambaa ilikuwepo, imekunjwa ndani ya bomba la bati, mchwa hawakuifikia. Chini yake kulikuwa na jalada la karatasi za Kijerumani lililokuwa limeandikwa namba ileile ya ramani. Enzi zile za ujana sikuwa hata nimefikiria kuuliza kama lipo. Nilivipeleka vyote, kwa kibali cha mtunza ghala, kwa padri wetu mstaafu aliyesoma Ujerumani miaka mingi. Alisoma kwa kioo cha kukuzia, siku mbili, mimi nimekaa kando yake nikiandika.

Maandishi madogo kando ya nukta yalisema: njia inayoombwa, ardhi bado haijatolewa.

Jalada lilieleza yaliyobaki. Walikuwa walowezi wachache waliounda kampuni yao wenyewe, wenye mashamba, na matumaini makubwa kuliko uwezo wao. Serikali ya Mjerumani iliwapa ardhi kuanzia bandarini hadi kijitoni tu. Wao, ili kuwaonyesha wenye hisa kule Ulaya kwamba kazi inakwenda, wakaanza kujenga tuta ng'ambo ya kijito kabla ya kupata kibali. Mvua za masika zikabeba daraja lao la mbao. Wakalijenga, likabebwa tena. Bei ya mpira ikaporomoka, wakaanza kulaumiana wenyewe kwa wenyewe, na barua ya mwisho kwenye jalada ilikuwa ya meneja akiiarifu serikali kwamba kampuni inafuta maombi yake. Vyuma vilivyokuwa vimetandikwa upande wa bandari viling'olewa. Katika kurasa zote zile waliotajwa kwa majina ni Wazungu. Wabebaji wa udongo walitajwa mara moja, pale meneja aliposema kwamba hakuna haja ya kuwarudisha makwao.

Padri alivua miwani, akaniuliza, "Kwa hiyo ng'ambo ya kijito hapajawahi kuwa na reli?"

"Wala hifadhi," nikasema. "Palikuwa na nukta. Mimi ndiye niliyezifanya mstari."

Akanimiminia maji.

Kesho yake nilikwenda kwa Mkuu wa Ofisi, mtu niliyemzidi umri kwa miaka kumi na mitano, aliyeniheshimu siku zote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, hii tunaweza kuiita dosari ya vyanzo," akasema. "Tunaandika barua kwamba nyaraka mpya zimepatikana. Hakuna haja ya kumtaja mtu."

"Nyaraka si mpya. Zilikuwepo."

"Umebakiza miezi saba. Unajua maneno ya watu. Leo wakisikia mchoraji alijua, kesho kila mwenye mgogoro wa kiwanja atakuja kuuliza tulijua nini kingine. Mimi nakulinda wewe na nailinda ofisi."

Alikuwa na hoja, nami sikumdharau. Lakini nilikuwa nimekwisha kufikiri kwa siku tatu, karibu bila usingizi. Nilimwambia kwamba barua yake ingesema nyaraka zimepatikana, na mwanasheria wa mwekezaji angeuliza kwa nini basi mchoraji aliona reli na kuichora. Angesema mchoraji aliona jambo ambalo nyaraka hazilisemi. Mtu pekee wa kumjibu alikuwa mimi. Kisha nikatoa fomu ya maulizo, nikaijaza pale mbele yake. Niliandika swali ambalo binti wa Daraja la Tatu alipaswa kuliandika, nikaeleza kwa nini hakuliandika, nikatia sahihi na tarehe ya siku ile.

Aliisoma mara mbili. "Utasema hivi mbele ya watu?"

"Nikiitwa."

Niliitwa. Kikao kilikuwa kwenye ukumbi wa kata, mchana, madirisha wazi, watu wamejaa mpaka nje. Mbele walikaa maofisa wa ardhi, mwakilishi wa mwekezaji na mwanasheria wake. Nilieleza ramani ya kitambaa, nikaonyesha nukta, nikasoma tafsiri ya padri. Mwanasheria alisimama, kijana nadhifu, akauliza lile lile nililotarajia: mchoraji mtaalamu, mwenye picha za anga mbele yake, alikuwa na sababu gani ya kuchora mstari mzima?

"Alikuwa anasubiri kuthibitishwa kazini," nikasema. "Aliziona nukta, akajua zinatakiwa kuulizwa, akaogopa kuchelewesha karatasi. Mchoraji huyo ni mimi. Hizo herufi pembeni ni zangu."

Bi Somoe alikuwa safu ya mbele. Akasema, bila kupaza sauti:

"Mie nilikuja ofisini kwako, mama. Nikakuonyesha ramani kwa mkono wangu. Siku ile ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na shangazi yangu alikuwa bado yuko ndani ya nyumba yake."

"Ndiyo."

Aligeuza uso. Hakuwahi kunisalimia hadi nastaafu, nami sikumlaumu.

Uamuzi ulichukua miezi minne. Hifadhi ya reli ng'ambo ya kijito ilifutwa kwenye ramani zote, alama nyekundu zikapakwa chokaa, na mwekezaji akatafutiwa eneo lingine. Nyumba mbili zilizoangushwa zilikuwa zimeangushwa. Wenyewe waliambiwa wafuatilie, na mpaka leo wanafuatilia. Mkuu wa Ofisi hakuniadhibu. Alinipa barua ya onyo, akaniomba radhi kwa kunipa. Kwenye hafla ya kuniaga hakuna aliyesema tena vijana wachore kama Bi Perpetua. Walisema nilikuwa mvumilivu. Nilikula pilau, nikapokea saa ya ukutani, nikaenda nyumbani.

Nimekuwa na wakati mwingi wa kufikiri tangu hapo. Vijana wa kompyuta, nyie mna bahati moja: kosa lenu linafutika kwa kubonyeza, halihitaji wembe. Lakini sisi tulipokwangua wino karatasi ilibaki na kovu, na anayekuja baadaye akiiinua dirishani aliliona akajua kwamba hapa palikuwa na mashaka. Kwenye skrini kila mstari una uhakika sawasawa. Ule niliouchora kwa woga unang'aa kama ule niliouchora kwa vipimo. Ndiyo maana nawaomba mwandike maswali yenu mahali ambapo mtu atayaona, hata kama mkubwa wenu ana haraka, na hasa akiwa mpole. Mkubwa mkali mtu humzoea upesi. Mpole ndiye aliyenipata.

Kuna jambo moja sikuweza kulimaliza kwa kikao wala kwa barua. Mwaka wa kwanza wa kustaafu niliuliza mpaka nikaambiwa Bi Salima amepanga chumba Chamazi. Nilikwenda Jumamosi moja. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka mlangoni, anamenya mbaazi, bibi mwembamba kuliko nilivyomfikiria. Nilijitambulisha. Alikuwa amekwisha kuambiwa habari zangu, hakuacha kumenya.

Nilimweleza yote mawili: la ujana, na la zile wiki tatu. La pili lilikuwa gumu zaidi kutamka.

"Ulikuwa na umri gani ulipochora?" akauliza.

"Ishirini na mmoja."

"Na juzi hapa?"

"Hamsini na tisa."

Akatikisa kichwa polepole. "Yule wa ishirini na mmoja mie siwezi kumsema sana. Kila mtu aliogopa kufukuzwa kazi siku zile. Huyu wa pili ndiye."

"Ndiyo," nikasema. "Nimekuja kuomba radhi kwa ajili ya huyo."

"Nyumba ile aliijenga marehemu mume wangu. Mwenye kuisamehe ni yeye, na hayupo. Mie siwezi kukudanganya kwamba nimesamehe." Akasogeza ungo, akaacha nafasi kwenye mkeka. "Lakini umekuja kwa miguu yako na jua hili. Kaa upumzike."

Nilikaa. Baada ya muda nikachukua mbaazi, nikaanza kumenya, kwa kuwa mikono yangu haijazoea kukaa bure.

Tangu siku ile huwa nakwenda, kila ninapojaliwa. Namsaidia kuandika barua zake za kufuatilia, na zikirudi bila jibu tunaandika nyingine. Nyumba hatuizungumzi. Tunazungumza magoti yetu, bei ya mchele, watoto wa watu. Mwezi uliopita jirani yake mpya alitukuta pale mkekani, akauliza mgeni ni nani.

"Huyu ni mwenzangu," Bi Salima akasema. "Alikuwa mchora ramani."

Akanisogezea ungo, tukaendelea.